Kibao Kilichonenepa

Mjukuu wa Bibi, aliyejipa mwenyewe cheo cha Profesa, aliishusha chipu, kidude cha umeme chenye miguu mingi ya chuma, juu ya kibao cha shaba kwa heshima ya mtu anayezindua daraja. Miguu ya mwanzo ikaingia kwenye matundu. Ya mwisho ikagoma.

"Haiwezekani!"

Akaibonyeza tena. Haikuwezekana tena. Jasho likamtoka.

Printa ya nyumbani alizijua hila zake: mstari wa milimita mia ulitoka tisini na nane. Basi aliupanua mchoro wa njia za umeme kufidia upungufu huo, akauchapa, akaupiga pasi juu ya shaba wino uhamie humo, akakitia kibao kwenye dawa ya kula shaba isiyo na wino, akatoboa matundu kuufuata. Hakuwa na kibao kingine, na jioni hiyo shangazi alikuwa anakuja kumhamishia Bibi kwake, maana Bibi hasikii hodi. Taa ya Profesa, iliyotegemea kibao hicho, ilitakiwa kuwaka kila mlango unapogongwa. Isipowaka, Bibi afungashe.

Akaupima mchoro kwa rula. Nusura azimie.

"Mama! Leo printa imechapa sawasawa, na mimi nimeshaupanua mchoro!"

"Si umeilalamikia wiki nzima?" mama akajibu, akikunja nguo. "Asubuhi nimeikagua. Ilikuwa imewekwa ipunguze kila kitu kitoshe kwenye karatasi. Nikaondoa. Hata asante sipewi."

Ndiyo nyumba yao hiyo: baba husogeza saa mbele wasichelewe, wenzake huzitoa dakika hizo kichwani, na wote huchelewa.

"Si ungeniambia!"

"Si ungepima kwanza, mwanangu!"

Bibi akachungulia. Hakusikia neno, ila aliziona sura zao.

"Nani amekufa?"

Profesa akaiweka chipu katikati ili kosa ligawanyike pande mbili, akachukua koleo dogo, akaitanua miguu mmoja mmoja, mama akiwa ameziba macho. Mmoja ukivunjika, kwisha habari. Hatimaye yote ikazama. Chipu ikakaa kama bata aliyeteleza kwenye tope, ikachomelewa hivyo hivyo, kibao kikafungwa mlangoni.

Mlango ukagongwa. Taa ikawaka. Bibi akafungua kabla shangazi hajashusha ngumi.

Mkoba ukamponyoka shangazi.

"Mama! Umenisikia?"

"Eti nini?" Bibi akauliza. "Ingia bwana, mbona umeganda kama umeona jini?"