Wimbo wa Ng'ombe

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Kilosa, na kwa miaka minne sikutunga wimbo hata mmoja. Msinionee huruma. Kila Jumapili niliendelea kusimama mbele ya watu nikipunga mikono, nikiimbisha nyimbo zangu za zamani kama mtu anayepasha kiporo. Wanakwaya walijua. Wazee wa sauti ya nne walinitania, "Mwalimu, kisima kimekauka?" Nikawajibu kwamba natafakari. Uongo mtupu.

Kisha watunzi wenzangu wakaanza kwenda hija. Mmoja akarudi na wimbo wa Galilaya, mwingine na wa Mlima wa Mizeituni, na nyimbo zenyewe, niseme ukweli ingawa unaniuma, zilikuwa nzuri. Nikaamini kabisa kwamba na wangu uko huko unaningoja. Parokia ikanichangia, Agosti nikapata nafasi.

Aliyeuhitaji wimbo huo kuliko wote ni mama yangu, Limi. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na aliniomba jambo moja tu: nimtungie wimbo wa kumzikia.

"Watu wote wa Kilosa umewazika na nyimbo zako," alisema. "Mimi ndiye nizikwe na za kitabuni?"

Nikamwahidi nitaurudisha kutoka Nchi Takatifu.

Mama alikuwa na wimbo wake mwenyewe. Aliuanza njiani, walipohama na mifugo kutoka Shinyanga kuja huku. Anasimama kwenye maji, anauimba, ng'ombe wanainua vichwa na kushuka kunywa. Hauna maneno, sauti tu. Hata alipozeeka, alipelekwa Zombo anakokaa mdogo wangu Amos na ng'ombe, ili akawaite tu. Mara nyingi aliniambia, "Casmir, tia maneno ya Yesu humu." Nami, kwa kuwa nina cheti cha muziki, nilimpa jibu lile lile: "Mama, huo ni wa ng'ombe." Siku ya kuondoka alinitazama nikifunga begi.

"Na hapa mtoni Mkondoa hakuna maji?" akaniuliza.

"Mama, Yordani ni Yordani."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia ana kwa ana.

Sitawachosha na hija yote. Bethlehemu nililia kwa sababu wenzangu walikuwa wanalia. Yerusalemu nilifumba macho mpaka nikasinzia. Wimbo haukuja. Siku ya saba wakatupeleka Yordani. Mto wenyewe mwembamba, maji ya kahawia, Mkondoa wakati wa masika unaumeza mara tatu. Nikavua viatu, nikaingia mpaka magotini, na sauti ikaja. Ilikuja nzima, toka mwanzo hadi mwisho, na nilijua haijawahi kuandikwa kwenye kitabu chochote. Safari hii nililia kwelikweli.

Nikatoa simu nirekodi. Simu ikaniambia nafasi imejaa. Ilikuwa imejaa uso wangu: mimi na ngamia, mimi na ukuta, mimi na mahujaji wa Bukoba. Kiongozi anatuita, basi linaondoka. Nikaandika nota nyuma ya ratiba ya misa, mbio mbio, herufi tupu: d m s s l s m r. Sikuweka nukta, zile za katikati zinazosema sauti ipi ivutwe na ipi ikatwe. Nikajiambia mapigo nitayakumbuka. Kwa kosa hilo huwa nawagombeza wanafunzi wangu mpaka wanatamani kuacha kwaya.

Ndani ya basi mahujaji wakaimba mpaka hotelini, makofi na vigelegele. Nilipofungua ile karatasi, herufi zilikuwepo zote. Mapigo yalikuwa yameondoka.

Niliporudi nilishuka Mikumi, maana Amos alisema atanipokea pale na pikipiki. Alikuwa amesimama stendi, kichwa kimenyolewa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona umenyoa?"

Akachukua begi langu kwanza, akalifunga kwenye pikipiki, akakaza kamba kuliko ilivyohitajika.

"Mama tulimzika Jumamosi. Tulikubaliana usiambiwe, umalize hija yako."

"Mmemzika na wimbo gani?" Ndilo swali lililonitoka, Mungu anisamehe.

"Za kitabuni, kaka."

Ikabaki misa ya arobaini. Nikajiambia kama nimeshindwa kumzika nao, basi angalau arobaini yake nitamwimbia kaburini, na kwaya nzima ikawa inausubiri wimbo wa Yordani. Kila siku niliketi sebuleni na kinanda na ile karatasi. Nikazipa herufi mapigo manne, nikazipa matatu, nikazipa sita. Kila nilichopata kilikuwa wimbo wa kawaida, wa kutolea sadaka.

Siku moja mke wangu, Jenipher, alikuwa barazani anapepeta mchele. Ungo ukanyamaza.

"Baba Brightness, mbona wimbo wa mama unauimba vibaya?"

"Wa mama upi?"

"Ule wa ng'ombe. Si ndio huo? Ila unaukatakata."

Nilikasirika. Nilimwambia huu nimepewa Yordani, nimesimama ndani ya maji, na yeye asiyejua kutofautisha do na so asiniharibie. Hakubishana. Akasema, "Haya," akarudi kwenye mchele wake. Nikaimba tena, polepole, na katikati nikamsikia mama. Nikaacha kinanda. Nilikuwa nimesafiri mpaka nchi ya Yesu kwenda kuokota kitu nilichokikataa mlangoni kwangu, na hata kukiokota nilikiokota nusu.

Nikatoka barazani, nikamwomba msamaha, nikamsihi aniimbie unavyokwenda. Alijaribu mara tatu, akatikisa kichwa.

"Alikuwa anavuta mahali ambapo mtu hategemei. Nikiusikia nitaujua. Kuutoa siwezi."

Siku nne mfululizo mimi naimba, yeye anasema siyo. Siyo. Bado. Hapo umekaribia, hapana, umepotea. Nikampigia Amos, yeye aliyekuwa na mama malishoni miaka yote. "Kaka, mimi natumia fimbo," akasema. "Kuimba ilikuwa kazi ya mama." Jenipher alipochoka kabisa akaniambia, "Sasa wamebaki ng'ombe. Kawaulize." Nadhani alikuwa anatania. Mimi nilishavuka mahali pa utani.

Siku moja kabla ya arobaini nikaenda Zombo. Amos akanipeleka kwenye lambo la kunyweshea mifugo, saa ambayo mama alizoea kuwaita. Ng'ombe walikuwa wametawanyika wanakula majani makavu. Nikasimama pale pale alipokuwa anasimama, nikatoa karatasi, nikaimba.

Hakuna kilichotokea. Nikauimba kwa namna ya pili, nikivuta so. Nikauimba kwa namna ya tatu, nikivuta la. Nilijaribu zote, na nyingine nilizibuni pale pale huku sauti ikinikauka. Ng'ombe mmoja mweupe, ambaye mama alimpenda kuliko wengine, alinitazama kidogo. Moyo ukaniruka. Akatikisa masikio kufukuza nzi, akainamia majani.

Amos alikuwa amevua kofia muda wote, amesimama nyuma yangu kama yuko kanisani.

"Na kesho je, kaka?" akauliza.

"Za kitabuni," nikamjibu.

Akangoja kwa heshima mpaka nikaikunja karatasi. Kisha akavaa kofia, akapiga mluzi mmoja na kuinua fimbo. Ng'ombe wote wakainua vichwa, wakanipita pale niliposimama, wakashuka kunywa maji.