Nusu ya Kidonge

Usingizi ni neema, wanasema, lakini waliosema hivyo hawajauona ukimwangusha mtu mchana kweupe. Fundi aliuona kila siku, kwake na kwa mdogo wake. Alikuwa fundi wa nguo, na jina la kazi lilishameza jina la kuzaliwa. Atakuwa anashona pindo la sketi, mara kichwa hicho kimelalia cherehani, vidole vimejaa makovu ya sindano. Magoti yake nayo hulegea akipatwa na jambo kubwa, ila mara mojamoja. Balaa lenyewe lilikuwa la mdogo wake, waliyemwita Kicheko. Huyo akicheka, akikasirika, akishtuka, mwili wote unaishiwa nguvu, anashuka chini kama nguo iliyochomoka kambani. Akili inabaki macho. Anasikia kila neno, hata la wale wanaosema amelewa, ila hawezi kuinua kidole.

Sasa mtu huyo ndiye aliyejaliwa mtoto, jamani.

Mama mkwe wake, mama mpole kusema kweli, alimchukua mjukuu siku Kicheko alipoanguka naye karibu na jiko. "Mwanangu, sikunyang'anyi," alimwambia. "Pona, nitakurudishia." Tangu hapo Kicheko alinyonyesha akiwa amelala kitandani, bibi amemshikilia mtoto kwa mikono miwili, akishiba anabebwa. Mama gani huyo wa kuonjeshwa mwanawe?

Ndiyo maana daktari wa usingizi alipotafuta wagonjwa wa kujaribu dawa mpya, ndugu hao walikwenda mbio. Wakabandikwa nyaya kichwani, wakaambiwa walale, waamshwe, walale tena. "Chumba cha pili watu wanalilia usingizi," Fundi alimnong'oneza mdogo wake, "na sisi tunapimwa kwa kuwa nao mwingi. Si tungefungua duka!" Kicheko akalegea palepale kitandani, na muuguzi akaja mbio kuangalia mashine.

Daktari aliwaeleza taratibu, mama wa watu. Kila mgonjwa atapewa chupa yake. Wengine watapata dawa ya kweli, wengine vidonge vinavyofanana nayo lakini havina kitu ndani. Nani ana nini, hata yeye hajui, maana watu wakijua hujidanganya kwamba wamepona. Atakayemeza kama alivyoagizwa hadi mwisho ataendelea kupewa ya kweli, hata kama alianza na ile isiyo na kitu. "Msichanganye chupa," alisema. Wakaitikia ndiyo, daktari, kama watoto wa shule.

Nyumbani Fundi akaziweka chupa zote mbili mezani, akazitazama. "Je, kama ya kweli ni moja tu?"

"Aliyepata kapata, dada."

"Toka hapa! Yaani mimi nipone halafu nikuangalie ukigaragara? Tangu lini sisi tukala mmoja mmoja?"

Na ni kweli, walikua wakigawana kila kitu, sahani moja, shuka moja, hata viatu vya shule, huyu anavaa asubuhi, yule mchana. Fundi akachukua wembe wa kufumulia nyuzi, akakata vidonge katikati. Nusu ya chupa hii, nusu ya chupa ile, kila mmoja na zake. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema, na akajiona ana akili kuliko hospitali nzima.

Tena ikafanya kazi kidogo, ndicho kilichowaponza! Kicheko akaanza kucheka ameegemea ukuta bila kufika chini. Fundi akamaliza gauni zima bila kujichoma. Bibi naye akaanza kumweka mtoto mapajani mwa mama yake, mikono yake ikiwa karibu. Kicheko alikuwa akimnusa mwanawe utosini na kulia kwa furaha, huku bibi akimwambia, "Polepole, mwanangu, tunafika."

Asubuhi waliyoitwa, daktari alifunga mlango kwanza. Vipimo vya damu vilikuwa vimerudi, na wakubwa wake walikuwa wamemfungulia orodha ya nani alipewa nini.

"Mmoja wenu hakupaswa kuwa na dawa mwilini, na anayo," alisema. "Mwingine anayo nusu. Mmetolewa kwenye utafiti, wote wawili. Na dawa watapewa waliomaliza tu. Nimewaombea kwa wakubwa wangu, wamekataa."

"Basi tutanunua," Kicheko alisema.

"Haiuzwi popote bado."

Fundi akapandisha sauti. "Wewe si ndiye uliyesema mmoja anaweza kupewa isiyo na kitu? Ulitaka nifanyeje? Ni mdogo wangu huyu!"

"Nilitaka uvumilie," daktari alisema. "Basi."

Hapo Fundi angenyamaza, angeokoa kitu. Lakini aliuliza, "Ya kweli ilikuwa ya nani?"

Daktari alimtazama Kicheko. "Yake. Na kwa jinsi nusu ilivyomsaidia, nzima huenda ingemsimamisha kabisa."

Mchuma janga hula na wa kwao. Fundi alitoka chumba kile akijiona mwizi.

Nje, kwenye benchi la korido, mama mkwe alikuwa akingoja na mtoto. Mtoto akamwona mama yake, akanyoosha mikono. Kicheko hakumpokea. Alimgeukia dada yake, uso unawaka kwa hasira ambayo hakuwahi kumwonyesha tangu wazaliwe.

"Dada, yaani wewe..."

Hasira ikamfika magotini kabla haijatoka yote mdomoni. Fundi akamdaka, na uchungu ukamlegeza yeye pia, wakashuka wote hadi sakafuni, uso kwa uso, macho nusu wazi.

Mtoto akaanza kulia. Fundi aliziona ndala za mama mkwe zimesimama karibu na kichwa chake, zikingoja, zikingoja sana.

"Nisamehe, mwanangu," mama mkwe alisema huku akilia. "Nilidhani tumefika."

Ndala zikaondoka. Kilio cha mtoto kikaenda nacho kikipungua koridoni, Kicheko akikisikia chote. Machozi yalimtiririka puani hadi sakafuni, na Fundi hakuweza hata kugeuza uso asiyaone.