Alama Yangu Mzingani

Video ilikuwa yangu. Mikono ile inayoteremsha mzinga kwa kamba ni yangu, na moshi ule niliuwasha mimi, msituni Ipole. Lakini Festo, mfanyabiashara wa asali wa Dar ambaye sijawahi kumtia machoni, aliichukua mtandaoni, akaikata kichwa changu kisionekane, akaiweka kwenye ukurasa wake: "Mimi na mizinga yangu." Nilipolalamika akanifungia nisiuone ukurasa huo, kisha akawatangazia wafuasi wake laki moja kwamba mimi ni tapeli.

Iliniuma jamani! Huku kwetu kila mrina asali huchonga alama yake kwenye mzinga, ili mwingine asiuguse. Yangu ni mistari mitatu na duara. Miaka kumi sasa Lugembe, kaka wa marehemu mume wangu na mwenyekiti wa kikundi chetu, amegoma kuiandika kwenye daftari la alama. Eti mwanamke hatundiki mzinga. Nimetundika arobaini! Na sasa hata huko mtandaoni nilikuwa si mtu.

Jumamosi Festo akaingia laivu, amejaa maringo. Binti yangu Julieth akaniletea simu yake tutazame. Mtazamaji mmoja akauliza, "Bosi, hiyo alama ya mzingani kwenye video yako ni ya nani?"

"Alama gani, kaka? Hizo ni nyufa za mti tu."

Lo! Alijiponza mwenyewe. "Nyufa? Wewe hujawahi kurina asali!" waliandika. Mtu wa Sikonge akarusha picha ya mzinga wa babu yake wenye alama. Wengine wakaisimamisha video yangu, wakaikuza, wakazungushia alama wino mwekundu. Watu nisiowajua walikuwa wanaendesha kesi yangu, nami sijasema neno.

"Sasa mwenyewe ni nani?" wakauliza.

Jina la Lugembe likatokea kwenye kioo. Akinikana huyu, nimekwisha, nani tena ataniamini?

Akaandika kwa herufi kubwa: "MISTARI MITATU NA DUARA NI ALAMA YA PASKAZIA WA IPOLE. MZINGA ALIUTUNDIKA YEYE. NILIMWONA."

Festo akakata matangazo hapohapo. Julieth akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mimi nililia, sifichi, kwa furaha na kwa hasira ya miaka kumi. Kisha nikamtumia Lugembe ujumbe: "Shikamoo, shemeji."

Alichelewa kujibu, si unajua vidole vya wazee. "Marahaba, mrina asali. Kesho njoo na alama yako, daftari liko wazi."