Waya Zilizopakwa Rangi

Wandera alikuwa ameahidi Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa kesho. Perpétue, mjane kutoka Bukavu anayeuza vitenge Kansanga, alikuwa amekubali kutembezwa ziwani kwa mashua ya tanga ya Wandera, na jibu la posa alisema atalitoa huko huko majini. Mwanamume wa miaka hamsini na minane, mwenye maduka mawili mjini, na usingizi hana!

Kikwazo kilikuwa Phelister, fundi wa mashua pale ufukweni Ggaba. Mashua ilikuwa kuukuu, na Phelister alikataa katakata itoke kabla waya zinazoshikilia mlingoti hazijabadilishwa zote, pamoja na vifungo vyake. Waya mpya alishazipata sokoni Kisenyi, zilikuwa kwenye gunia.

"Mzee, nipe siku mbili tu," alisema.

Wandera hakuwa na siku mbili. Fundi alipokwenda Kibuli kumwona mgonjwa, yeye alinunua kopo la rangi ya fedha, akazipaka waya za zamani mpaka zikang'aa. Akarudi nyuma hatua tatu, akajipongeza. Asiyejua angeapa zimetoka dukani asubuhi ile.

Balaa ni kwamba Perpétue alijua. Alikulia kwenye mashua za baba yake Ziwa Kivu. Jumamosi alipanda mashuani, hakuketi. Alifungua kilemba chake, akakipitisha kwenye waya taratibu, toka juu kwenda chini. Kikanasa. Alipokivuta kikachanika, na nyuzi za chuma zilizokatika zikabaki zimechomoza pale kwenye rangi.

"Papa Wandera, hii waya ni ya lini?"

"Mpya! Ya juzi!"

Phelister, aliyekuwa amerudi na gunia lake, akageuka upande, akakohoa kikohozi cha kuzuia kicheko.

Perpétue hakugomba. Alichukua spana, akamwekea Wandera mkononi. "Panda weye mwenyewe. Utabadilisha na mikono yako."

Phelister akaufunga mlingoti kwa kamba pande zote, akamketisha mzee kwenye kiti cha turubai, na wale wanawake wawili wakamvuta kwa kamba hadi juu ya mlingoti. Wandera, aliyeogopa hata ngazi ya dukani kwake, alining'inia huku Ggaba nzima ikilitazama tumbo lake. Phelister akaizungusha kamba ya kiti kwenye kigingi cha mashua, na mwisho wake akamwachia Perpétue.

"Papa Wandera! Uko na bibi kule kwenu Busia?"

"Mke sina! Aliolewa na mwingine zamani!"

"Na batoto?"

"Wawili!"

Kamba ikalegea kidogo, upana wa kiganja. Wandera akaukumbatia mlingoti kwa mapenzi ambayo hajawahi kumwonyesha binadamu.

"Watatu!"

Kiganja kingine.

"Wanne! Wanne, Mama! Wa mwisho yuko darasa la tatu, anaitwa Whitney! Nishusheni!"

Wandera alifumba macho. Aibu ilimshika, aibu ya kweli. Wanawe wawili alikuwa amewaficha ili asionekane ana mzigo, na sasa hata wauza samaki waliwajua.

"Batoto banne nilibajua tangu mwezi wa tatu," Perpétue akasema. "Ule mukubwa alikuja dukani kwangu, akaniomba nikuchunge vizuri. Nilikuwa nangoja tu weye useme."

"Kwa hiyo… jibu?" sauti ikauliza kutoka juu, nyembamba.

"Utanioa. Lakini usishuke bado. Anza na hiyo waya ya mbele."