Mradi Upi Utangulie

Mama alipiga simu saa nne asubuhi, sauti imejaa furaha.

"Mwanangu, mwenzako wa kazini amepita hapa. Kijana mstaarabu huyo! Kanikazia bomba la jikoni, hata chai kakataa."

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Hakutaja jina. Kasema nikuambie uwe mwangalifu Alhamisi ukiingia mtoni kupima. Pana kina, na wewe hujui kuogelea."

Mpima maji aliketi taratibu. Ofisini walikuwa watatu tu, na wenzake wote wawili walikuwa mbele yake. Hakuna aliyetumwa kokote. Tena, hapakuwa na hata mmoja pale kazini aliyejua kuwa hajui kuogelea. Alikuwa amewaficha miaka sita, kwa aibu.

"Funga mlango, mama. Usimfungulie mtu."

"Hata yule kijana?"

"Hasa yule."

Saa nane mchana alitakiwa kusimama mbele ya wakulima wa bonde zima na kusoma pendekezo lake la mradi upi utangulie, kisha wapige kura. Miradi ilikuwa mitatu, na fungu la fedha lilitosha mmoja. Watu wa juu walitaka banio jipya la kuchepusha mto. Wa kati walitaka mfereji wao mkongwe usakafiwe kwa zege. Wa chini walitaka pampu. Vipimo vyake havikuwa na kigugumizi: banio likijengwa, kiangazi wa chini watalima vumbi. Mfereji wa kati ulivujisha nusu ya maji yake. Ukizibwa, yale yaliyookolewa yangewafikia wa chini. Basi mfereji kwanza, pampu pili, banio mwisho.

Mhandisi mkuu, mmoja wa wale wenzake wawili, alimsikiliza akisimulia habari ya mgeni yule, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Tukibadilisha nafasi ya kwanza na ya tatu, nani atajua? Karatasi haina mdomo."

Alishika kalamu. Alimwona mama yake akimpisha mgeni jikoni, akimshukuru. Wino ukadondoka pembeni mwa ukurasa. Alitaka kubadilisha. Alitaka sana. Kisha akawaza: wakijua kwamba anatishika, kesho watarudi na jingine. Akairudisha kalamu mezani.

Ukumbini watu walibanana hadi madirishani. Kila kijana mstaarabu aliyemwona alimdhania ndiye. Mstari wa mbele, kati ya watu wa juu, alikaa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Shemeji hakumwangalia.

Alisoma. Alipoteza mstari, akasoma tena sentensi ileile. Alipofika "banio, nafasi ya tatu", kiti kilianguka na mtu akapiga kelele, "Umenunuliwa!" Wengine walisimama. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

Bibi mmoja wa chini akanyoosha fimbo yake. "Mnalia nini? Miaka yote tunaambiwa aliye juu mngoje chini. Tumewangoja mpaka tumeota mvi, na maji hayajashuka!"

Kicheko kilipasuka, hata kwa watu wa juu. Mwenyekiti wa mkutano akawahi kuitisha kura kabla hakijaisha. Mfereji ukapita.

Nje, shemeji yake alimfuata hadi kwenye gari.

"Shemeji, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilikutania kikaoni kwetu huko juu. Nilisema mpima maji wetu hata kwenye beseni anashika ukingo. Wakacheka. Mmoja akauliza mama yako anakaa wapi. Nikamwelekeza. Nilidhani anataka kupeleka salamu."

Alitamani kumzaba kofi. Badala yake alimfungulia mlango wa gari.

"Ingia. Utamtaja kwa polisi."

Alimtaja, na kila kitu kikaandikwa. Lakini walipofika kwa mtu huyo, nyumba ilikuwa imefungwa, na majirani walisema kasafiri, hawajui wapi.

Wiki iliyofuata zege lilianza kumwagwa mferejini. Mama alihamia kwa binti yake, akilalamika kwamba amehamishwa kama kuku. Jumapili mchana walikuwa wakichambua mboga sebuleni mlango ulipogongwa.

"Hodi! Naazima ngazi," ilisema sauti ya jirani.

"Si umfungulie, ni jirani tu," mama alinong'ona.

Mpima maji alijua sauti ile. Hata hivyo alichelewa kusimama, na jirani ilimbidi agonge mara ya pili.