Upande wa Ndani

Akidi alipata matende ya mguu wa kushoto baada ya kumzaa Adong, mtoto wake wa pekee. Kila masika homa ya mtoki ilimlaza, na kila ilipoondoka iliuacha mguu mnene kuliko ilivyoukuta, hata ukawa kama kinu, ngozi yake imekunjamana na kutoa maji. Alijifunza kuvaa gomesi kama wanawake wa Kiganda, si kwa kuipenda bali kwa kuwa inafika chini na kusitiri. Kanisani alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya harufu.

Mumewe, Sajini Otema wa polisi, hakuwahi kumsimanga. Wenzake kambini walipomshauri aoe mwingine, aliwajibu kwamba yeye alioa mtu, hakuoa mguu. Ni yeye aliyesikia kwamba katika hospitali moja ya Kampala, ambako madaktari wengi walikuwa wameshaihama nchi, amebaki Mwacholi mwenzao, Daktari Ojara, anayejua kupasua matende.

"Sitakudanganya, mama," Daktari Ojara alimwambia Akidi. "Mguu hautakuwa mpya. Nitafunua ngozi ya upande wa ndani, nitoe nyama iliyovimba chini yake, kisha niirudishe ngozi na kuishona. Baada ya miezi kadhaa tutafanya upande wa nje. Lakini ngozi hiyo itakuwa kama mche uliopandikizwa. Ukisimama mapema itakufa, na kidonda chake hutakiponya."

Ilikuwa Februari ya mwaka sabini na saba. Hospitali haikuwa na akiba ya damu, Otema akatoa yake. Bandeji na sabuni alizitafuta kwa watu wa magendo huko Katwe. Akidi alipozinduka, mguu ulikuwa umetundikwa kwa kamba, na mpira mwembamba unachuruzisha maji kwenye chupa chini ya kitanda.

Siku zilezile redio ikatangaza njama ya kupindua serikali, na Waacholi na Walango, walioshukiwa kuwa nyuma yake, wakaanza kuchukuliwa na watu wa usalama, makambini, maofisini na njiani.

Asubuhi moja Daktari Ojara aliingia wodini bila koti lake jeupe. Aliongea na Otema kwa sauti ya chini, kwa Kiacholi.

"Naondoka leo kwenda Kenya. Garini kuna nafasi moja."

"Na mke wangu?"

"Akishushwa leo, ngozi itabanduka. Na karibu na mpaka tutatembea porini."

Akidi aliwasikia. "Nenda, Baba Adong," akasema. "Mimi mwanamke mgonjwa, watanifanya nini? Nitakufuata."

"Utanifuata kwa mguu upi?"

"Nakuomba, nenda."

"Nani atakuletea uji? Nani atamwaga hiyo chupa?" Wodi nzima ilikuwa na nesi mmoja. "Acha ngozi ishike. Kisha tutaondoka wote."

Daktari alikagua mshono, akamwonyesha Otema namna ya kufunga bandeji kuanzia vidoleni kwenda juu, akaenda zake. Akidi alimchukia kwa kuondoka. Akamchukia na mumewe kwa kubaki.

Walikuja alasiri moja, wakati wa kuona wagonjwa, wanaume watatu wenye mashati ya maua. Otema alikuwa katikati ya kufunga bandeji.

"Sajini Otema nani hapa?"

"Ni mimi."

"Kuja. Iko maswali kidogo."

Mmoja wao akautazama mguu uliotundikwa. "Hii nini?"

"Yalikuwa matende," Otema akamweleza, kwa utulivu, kama anayeongea na jirani. "Wamepasua upande wa ndani. Bado wa nje."

"Pole, mama," yule mtu akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. Akangoja Otema amalize kufunga na kukaza fundo. Ndipo wakamchukua.

Akidi aliivuta kamba ili ashuke. Nesi akamkandamiza mabega. "Ukishuka ngozi itakufa, na yeye hutamfikia."

Akalala. Na ngozi ikashika. Ilishika vizuri ajabu, kila asubuhi nesi akiisifia, naye Akidi akigeuzia uso ukutani.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kambini. Kwa mbali aliona nguo za watoto asiowajua zimeanikwa mlangoni mwa nyumba yake. Koplo Asuman, aliyekula mezani kwake mara nyingi, alimzuia getini.

"Mama Adong, tumeambiwa Otema ametoroka kazi."

"Hakutoroka," Akidi akasema. "Angetoroka, leo ningekuwa nacheka."

Asuman akatazama chini. "Usirudi tena hapa, mama. Tafadhali."

Alimtafuta mumewe katika vyumba vya maiti vya mji, na kwa wale waliojua ni wapi maiti zilitupwa. Hakumpata. Upande wa nje haukupasuliwa kamwe. Masika yalipokuja homa ilirudi, na uvimbe ukaegemea upande mmoja kama mzigo uliofungwa vibaya. Watu walimwambia ashukuru, angalau sasa anavaa kiatu.

Mwisho akapanda basi kwenda Gulu, kwa mama mkwe wake Rosalba, aliyekuwa akimlea Adong. Alimsimulia yote, hata ile nafasi moja ya gari. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Akidi akapandisha gomesi. Rosalba akainama, akapitisha kidole kwenye kovu lote, toka gotini hadi kwenye kifundo, polepole.

"Basi ndio huu," akasema.

Akaishusha gomesi kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kuwapakulia chakula.