Mbuzi Asiyekuwepo

Mwaka ule wa tisini na nane, Josiane alimwonya mumewe kabla hajatoka Kakuma: "Papa Elie, ukifika kule Lodwar usibishane. Mwalimu akisema, weye itika tu." Nafasi ya kufundisha falsafa kwenye chuo cha makatekista ilikuwa moja, na mwenye kuamua alikuwa Lomuria, Mturkana aliyesomea Roma. Baudouin, mhadhiri wa Bukavu ambaye vita vilimleta katika kambi hiyo ya wakimbizi kupanga foleni ya unga, aliapa kuitika.

Kiapo hakikufika hata saa ya chai. Mbele ya wanafunzi, Lomuria alimtaja mtawa mmoja wa karne za kati, aliyefundisha kwamba "mbuzi" ni jina tu. Kilichopo duniani ni mbuzi huyu na mbuzi yule.

"Wasomi wengi wanasema aliishia kutilia shaka kila kitu," akasema. "Mimi nakataa. Wewe je?"

Uzalendo ukamshinda Baudouin. "Alitia shaka, mwalimu. Si alisema mwenyewe kwamba Mungu aweza kutuonyesha kitu kisichokuwepo? Basi macho tutayaaminije?"

Pale pale akamkumbuka Josiane, akajionea huruma. Lakini alikuwa na njaa ya kubishana ya miaka miwili, na hiyo haitulizwi na unga.

Lomuria akawatoa wote nje mpaka zizi la mbuzi la chuo. Kwao Waturkana mifugo haihesabiwi, hutazamwa. Akatupa jicho mara moja.

"Ile nyeusi ya doa usoni haiko. Sijahesabu. Macho inajua kitu iko, na inajua kitu haiko. Huyo mtawa alisema hivyo hivyo. Sasa shaka iko wapi?"

"Hiyo ndiyo nyama ya mgeni," mpishi akajibu kutoka jikoni.

"Basi Mungu akitaka," Baudouin akasema, "utaiona bado imesimama hapa, na huku iko sufuriani."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Lomuria hakucheka.

Wakaenda kula. Baudouin alitafuna akiwaza atamwambia nini mkewe. Hatimaye Lomuria akapangusa vidole.

"Umekosea kabisa. Kukurekebisha itachukua miaka, na mimi siwezi kusafiri Kakuma kila siku kwa hiyo kazi. Mwambie Mama Elie afunge mizigo."

Baudouin alishindwa kuzuia machozi, na mfupa bado uko mkononi.

"Asante, mwalimu," akasema. "Ila sijakosea."